Kiti cha wilaya ya 13

Risiti ya dhamana ya mahakamani hapa Illinois ilikuwa ikiandikwa jina moja tu. Nilikuja kulijua hilo nilipochaguliwa mweka hazina wa chama chetu cha Wakenya hapa upande wa kusini wa Chicago, na limeniletea lawama kushinda hata michango ya kusafirisha maiti. Habari hii ni ya kiti kimoja cha Seneti ya jimbo letu kilichosaidia kuzimaliza.

Wengi wetu tunaijua dhamana ya Kimarekani kwa sinema: kuna jamaa mwenye ofisi mkabala na gereza, unampa asilimia kumi, naye anamtoa mtu wako kwa faida yake. Illinois biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1963, na mahali pa yule jamaa ikakaa mahakama yenyewe. Jaji akitaja dola 20,000, ulitakiwa uende dirishani na asilimia kumi, yaani dola 2,000 taslimu. Kesi ikiisha pesa zilirudi, ila zikiwa zimekatwa ada ya karani, gharama za mahakama na faini kama ipo, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa kimeshaahidiwa wakili. Kilichosalia baada ya hayo yote kilikwenda kwa mwenye jina kwenye risiti.

Sasa chukua harambee. Huyu katoa dola ishirini, yule hamsini, mwingine kaahidi mbele za watu na hajaleta mpaka leo. Risiti ni ya mweka hazina. Kesi inachukua mwaka mzima. Cheki inayorudi ni nusu ya ilivyotoka, na kila aliyechanga anakumbuka alichotoa yeye, hakumbuki makato.

Mwaka 2016 kijana wa mama mmoja wa chama chetu alikamatwa katika kaunti moja nje ya jiji. Alikuwa na miaka 19, abiria kwenye gari ambalo polisi walisema ni la wizi. Hakuwa na kosa la nyuma. Nilikaa benchi la nyuma siku aliposomewa dhamana, na shauri lake lilimalizika upesi kuliko mtu anavyoagiza chai na mahamri. Jaji hakuuliza mama anafanya kazi gani. Angejua analea wazee usiku, kwa malipo ya saa, na dola 2,000 kwake ni kodi ya nyumba na zaidi. Kabla ya kijana huyo alikuwa ameitwa mtu mwingine mwenye mashtaka mazito kuliko yake, dhamana kubwa kuliko yake, na ndugu zake walikuwa wamekaa mbele yangu wakihesabu noti kabla hata jaji hajamaliza kusema. Yule aliondoka. Wetu akarudishwa ndani.

"Kaka, huyu mtoto atakaa humo mpaka lini?" mama akaniuliza tukiwa kwenye lifti. Nikamwambia mpaka tuchange. Tulichanga. Alipotoka, kazi yake ya ghala ilikuwa imekwisha kwa sababu hakufika zamu. Miezi baadaye mashtaka yakaondolewa, bila maelezo ya maana. Kisha zikaanza simu za kuuliza pesa ziko wapi. Mzee mmoja alinisimamisha nje ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao, akanidai dola thelathini zake mbele ya umma.

Dhamana ya pesa ilikufa Illinois tarehe 18 Septemba 2023, na jimbo hili likawa la kwanza Marekani kuifuta kabisa. Waliofanya kazi hiyo ni wengi, lakini katika Seneti ya jimbo aliyeishika sehemu ya dhamana ni seneta wa mtaa wangu, Robert Peters, wa wilaya ya 13. Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu ya kiti anachokalia, ambacho sisi Wakenya tuna hisa nacho ya kihisia na hatuijui.

Kwanza niwakumbushe wasomaji wa nyumbani jambo ambalo hata Wamarekani husahau. Kila jimbo lina bunge lake. La Illinois liko Springfield, safari ya saa tatu na ushee kwa gari kutoka Chicago, mashamba ya mahindi kulia na kushoto mpaka unasinzia garini. Lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Mtu akikamatwa kwa wizi, kwa kupigana, hata kwa kuua, kwa kawaida huhukumiwa kwa sheria zilizotungwa kule, wala si Washington. Rais anaweza kuja na kuondoka asiguse lolote linalotokea katika chumba kile nilimokaa benchi la nyuma. Seneta wa jimbo ambaye majirani zake hawamjui hata kwa sura ndiye anayeweza kukigeuza.

Wilaya ya 13 inachukua Hyde Park na mitaa ya pwani ya ziwa upande wa kusini. Mipaka yake imechorwa upya mara kadhaa, namba ikabaki. Kuanzia Januari 1997 hadi mwishoni mwa 2004 aliyeikalia ni Barack Obama.

Tunamjua wa Kogelo na tunamjua wa Ikulu. Ile miaka karibu minane ya Springfield tunairuka. Alikiingia kiti hicho kwa njia isiyopendeza sana kusimulia: watu wake walizipekua moja moja saini ambazo wapinzani walikusanya ili wagombee, tume ya uchaguzi ikawatupa nje wote, akabaki peke yake kwenye karatasi ya mchujo. Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa na maseneta wachache, miswada yake ikifia kwenye kamati. Akicheza karata usiku na maseneta wenzake wa mashambani na vitongojini, na asipokuwa kikaoni akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2003 Wademokrati wakalishika Seneti, na mwanasiasa aliyekuwa akipigwa chenga akaanza kupitisha vitu.

Kimoja ni sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji. Kuielewa, lazima umjue Jon Burge. Huyu alikuwa kamanda wa polisi upande huu huu wa kusini. Kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na askari wake waliwatesa washukiwa weusi mpaka wakiri: umeme, vipigo, mifuko ya plastiki kichwani. Alifukuzwa kazi 1993. Muda wa kisheria wa kumshtaki kwa mateso ulikuwa umepita, kwa hiyo mwaka 2010 alikutwa na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Mwaka 2015 baraza la jiji liliidhinisha dola milioni 5.5 za fidia kwa waliotendewa. Baadhi yao walikuwa wamepelekwa kwenye safu ya wanaosubiri kuuawa kwa hukumu, kwa maneno waliyoyatoa chini ya mfuko wa plastiki.

Na hiyo safu yenyewe ilikuwa aibu. Tangu Illinois irudishe hukumu ya kifo mwaka 1977 hadi kuanza kwa 2000, ilikuwa imewaua watu 12, na 13 wengine waliohukumiwa kufa wakaonekana hawakustahili, wakaachiwa. Gavana George Ryan, Mrepublican, aliyeamini hukumu hiyo alipoingia madarakani, akasimamisha utekelezaji wake Januari 2000, na alipoondoka Januari 2003 akawabadilishia adhabu wote waliokuwa wakisubiri. Baadaye yeye mwenyewe akafungwa kwa ufisadi. Mambo ya Illinois ndivyo yalivyo, mtu huyohuyo unampigia saluti asubuhi na jioni unamzomea.

Obama alipouleta mswada wake, polisi walikataa, viongozi wa mashtaka wakakataa, na gavana mpya wa chama chake mwenyewe akasema haupendi. Alichokifanya nakiheshimu kuliko hotuba zake zote. Alikaa nao. Akawaeleza kwamba kamera inamlinda pia askari mkweli anayesingiziwa kuwa alimpiga mshukiwa. Akakubali mambo ya kiutendaji waliyoyahofia yaandikwe kama vighairi, na idara zipewe muda wa kununua vifaa. Kiini akakishika: ungamo lililotolewa mikononi mwa polisi katika kesi ya mauaji, kama halikurekodiwa, linachukuliwa halifai mahakamani mpaka upande wa mashtaka uonyeshe vinginevyo. Seneti ikaupitisha bila hata kura moja ya kupinga, gavana akatia sahihi Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Miaka kumi baadaye orodha ya makosa ikapanuliwa.

Obama alipochaguliwa kwenda Washington, kiti kikapewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, wakili aliyewahi kufanya kazi upande wa mashtaka. Jina Kwame huwadanganya Waghana wa hapa, wanamdai ni wao. Raoul ndiye aliyeubeba Seneti mswada wa kuifuta kabisa hukumu ya kifo, maana tangu Ryan ilikuwa imesimamishwa tu: majaji waliendelea kuitoa na safu ikaanza kujaa upya.

Upande wa wawakilishi, Januari 2011, mswada ulianguka kwanza kwa upungufu wa kura moja. Siku hiyohiyo ukarudishwa, ukapata 60 dhidi ya 54. Sitini ndicho kiwango cha chini kabisa katika nyumba ya watu 118. Siku chache baadaye Seneti ikapiga 32 kwa 25. Gavana Pat Quinn alikaa nao mezani wiki kadhaa, akisikiliza familia za waliouawa na wanaopinga, akatia sahihi tarehe 9 Machi 2011 na kuwabadilishia adhabu watu 15 waliokuwa kwenye safu. Kuna kipengele kimoja huwa hakisemwi. Pesa zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya kesi za hukumu ya kifo zilihamishiwa kwenye huduma za familia za waliouawa na mafunzo ya polisi. Ukitaka kumvuta mtu anayesita, mwonyeshe pesa zinakwenda wapi. Raoul alilijua hilo.

Januari ndio mwezi wa mambo haya Springfield, na si bahati. Katiba ya Illinois inasema mswada unaopita baada ya tarehe 31 Mei hauwezi kuanza kutumika kabla ya Juni mwaka unaofuata isipokuwa upate kura tatu kwa kila tano. Ikiingia Januari, wingi wa kawaida unatosha tena. Na katika zile siku chache kabla bunge jipya halijaapishwa, ukumbini bado wamekaa watu walioshindwa uchaguzi au wanaostaafu. Hao hawamwogopi mtu. Mwanasiasa asiyeomba kura tena ni mwepesi kufanya lililo sawa, na pia lililo baya, ndiyo maana wakosoaji wanazichukia siku hizo.

Peters naye aliingia mwezi huohuo. Raoul alipochaguliwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Januari 2019 kiti kikapewa kijana aliyekuwa mratibu wa harakati za mitaani. Mama yake mzazi alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Yeye akalelewa Hyde Park na wazazi wengine, baba wakili, mama mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Alizaliwa na ulemavu wa kusikia, akachelewa kusema. Leo ukimsikia ukumbini hutaamini. Wanaharakati walikuwa wamepigia kelele dhamana kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Jaji Mkuu wa Kaunti ya Cook, Timothy Evans, alikuwa ameshaagiza majaji wake wasitaje kiasi ambacho mtu hawezi kulipa, na gereza la kaunti, lililokuwa na watu takriban 10,000 mwaka 2013, likaanza kupungua. Lakini agizo la jaji mkuu linaishia mpakani mwa kaunti. Illinois ina kaunti 102. Kijana wetu wa 2016 agizo lile lisingemfikia hata kama lingekuwepo.

Kisha George Floyd, mtu mweusi, akauawa na polisi Mei 2020, na maseneta na wawakilishi weusi wa Illinois wakaamua kuingiza yote kwa pamoja: polisi, magereza, mahakama. Mswada ukawa na kurasa 764. Elgie Sims aliubeba Seneti, Justin Slaughter kwa wawakilishi, na sehemu ya dhamana, ambayo Peters alikuwa ameihubiri kila jukwaa, ikawa moyoni mwake. Ilikuwa Januari 2021, korona imepamba moto, wawakilishi wakikutania kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano na michezo mjini ili wasikaribiane. Seneti ilipiga kura alfajiri ya tarehe 13, saa kumi na moja kasoro: 32 kwa 23. Wawakilishi wakaumaliza asubuhi hiyo, saa chache kabla bunge lao halijavunjwa. Kura 60 kwa 50. Sitini tena! Nilikuwa macho, nimetoka zamu ya usiku ya basi, nikiangalia kwenye simu na uji mkononi.

Gavana JB Pritzker alitia sahihi Februari 2021. Kuanza kutumika kwa sehemu ya dhamana kuliwekwa 1 Januari 2023, na huo muda wa miaka miwili karibu uuzamishe mswada wote, kwa sababu katikati yake kulikuwa na uchaguzi. Mwaka 2022 vilitumwa majumbani vipeperushi vilivyochapwa mfano wa magazeti, sura za weusi waliokamatwa ukurasa wa mbele, vikisema wauaji wataachiwa wote siku ya mwaka mpya. Wakenya wenzangu wa vitongojini, watu waliosoma, walinipigia simu kuniuliza kama wahame. Karibu viongozi wote wa mashtaka wa kaunti walikuwa wanapinga. Wawili waliojitokeza kuunga mkono ni Kim Foxx wa Cook na Eric Rinehart wa Lake.

Hapo ndipo Peters alipofanya ile kazi ya Obama ya 2003. Badala ya kuwatukana wanaopinga, alikaa miezi kwenye meza ya marekebisho. Seneta Scott Bennett wa Champaign, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, alileta madai ya wenzake wa zamani. Mengine yakaingia, mengine yakatupwa. Orodha ya makosa ambayo mtu anaweza kuzuiliwa kwayo ikarefushwa na kusafishwa, utaratibu wa waliokuwa tayari ndani ukawekwa wazi. Yalipita tarehe 1 Desemba 2022. Siku nane baadaye Bennett akafariki ghafla, ana miaka 45. Mungu amrehemu. Hakuwa wa upande wa Peters katika mengi, na bila yeye sidhani sheria ingesimama.

Viongozi wa mashtaka na masherifu wa kaunti zaidi ya 60 walikuwa wameshakwenda mahakamani. Jaji mmoja wa Kankakee akawapa ushindi tarehe 28 Desemba, siku nne kabla ya sheria kuanza, na mkesha wa mwaka mpya Mahakama ya Juu ya Illinois ikasimamisha kila kitu mpaka iisikilize. Kesi ikaitwa Rowe dhidi ya Raoul. Raoul yuleyule! Mwanasheria Mkuu sasa, akiitetea sheria ya aliyemrithi kiti. Wapinzani walisema katiba ya jimbo inataja dhamana, hivyo bunge haliwezi kuifuta. Tarehe 18 Julai 2023, kwa majaji 5 dhidi ya 2, mahakama ikasema katiba haijaagiza popote kwamba pesa ndiyo njia pekee ya kuhakikisha mtu anarudi mahakamani.

Sasa inakuwaje? Aliyekamatwa kwa kosa dogo mara nyingi hupewa karatasi ya kuitwa mahakamani na kwenda zake. Mwenye kosa zito, upande wa mashtaka ukitaka azuiliwe, lazima upeleke ombi na uthibitishe kwa ushahidi ulio wazi kwamba inaonekana alitenda, kwamba ni hatari kwa mtu au kwa jamii au ana nia ya kukimbia, na kwamba hakuna sharti litakalotosha. Ana wakili. Akizuiliwa anaweza kukata rufaa. Si kweli kwamba sheria inamwachia kila mtu, kama vile vipeperushi vilivyodai. Kuna mtu wa kwanza niliyeletewa habari zake baada ya Septemba 2023 ambaye alizuiliwa, na zamani ndugu zake wangemtoa kwa pesa siku hiyohiyo. Kwa kweli sikusikitika. Alikuwa amemtishia mkewe kwa bunduki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola hapa Chicago wamekuwa wakiifuatilia. Hati za kuwakamata wasiofika mahakamani hazikuongezeka kama ilivyotabiriwa, zilipungua kidogo. Haya hayajawanyamazisha wapinzani. Tarehe 25 Agosti 2025 Rais Trump alitia sahihi amri ya kutishia kunyima fedha za serikali kuu majimbo yasiyotumia dhamana ya pesa, na Illinois ilikuwa ya kwanza kila mtu aliyoifikiria.

Mimi nina malalamiko yangu. Vifaa vya kufungwa mguuni, vya kumfuatilia mshtakiwa aliyeamriwa akae nyumbani, vimekuwa jawabu rahisi la jaji asiyetaka lawama. Sheria inampa mwenye kifaa angalau siku mbili kwa wiki za kutoka kwenda dukani, hospitali, kutafuta kazi. Jaribu kuwa na zamu tano na ruhusa ya siku mbili. Usipopewa ruhusa ya ziada ya kazini, ni gereza lenye jiko lako mwenyewe. Peters na wenzake waliongeza hizo siku mbili, zamani hata hizo hazikuwa na uhakika, lakini ni kidogo.

Ndugu zangu wa Mombasa huniambia Kenya tumeshawapita, kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuna sababu nzito. Maandishi ni mazuri. Nenda gereza la Shimo la Tewa uulize ni wangapi wako rumande kwa kukosa pesa ambazo hakimu aliona ni za kadiri. Kifungu kizuri kinahitaji mtu wa kukaa na polisi, mahakimu na wizara ya fedha miezi mingi kukiandikia taratibu, na kazi hiyo haina picha ya kupiga wala mkutano wa hadhara wa kuhutubia.

Kinachonikera zaidi sasa ni mawakili. Sheria mpya inadhani mshtakiwa atakuwa na wakili aliyejiandaa ndani ya saa 48. Hapa Cook kuna ofisi kubwa ya mawakili wa umma. Ukitoka huku kwenda kaunti ndogo, mara nyingi unamkuta wakili wa binafsi mwenye mkataba wa nusu siku, aliyeteuliwa na majaji walewale anaokwenda kubishana nao, na wanaoweza kumwondoa. Wakongomani wengi waliohamia Rock Island na Moline kwenye viwanda vya nyama wako katika kaunti za nje ya Cook, na huko mtu anayehitaji wakili na mkalimani anasubiri viwili. Mwaka 2025 uliletwa Springfield mswada wa kuunda ofisi moja ya mawakili wa umma ya jimbo zima, wasioajiriwa kwa hisani ya jaji. Bunge la Illinois lina fomu mtandaoni ambayo mwananchi yeyote hujaza kusema anaunga au anapinga mswada ulio kwenye kamati. Inachukua dakika mbili, na haikuulizi uraia. Kikao chetu cha mwezi ujao nimemwalika wakili wa umma mstaafu aje atueleze mswada wenyewe na namna ya kujaza hiyo fomu. Ni Jumamosi baada ya alasiri, chai na vitafunio vipo, na si lazima uwe mwanachama. Walio na madeni ya harambee ya mwaka jana pia wanakaribishwa, waje nayo.